GARI LINAMISI? KABLA HUJATOA PESA, HAMISHA KOILI

Saa tisa usiku ni saa mbaya ya kuharibikiwa na gari. Ni mbaya zaidi ukiwa Ohio mwezi Januari, barafu kila upande, na zamu ya ghalani inaanza saa kumi kamili. Tulikuwa barabara kuu, kiasi cha dakika ishirini kutoka nyumbani, gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Ukikanyaga mafuta haliendi, linakohoa. Ile taa ya njano yenye picha ya injini ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika.

Wasomaji wetu wa huku ughaibuni hatuna haja ya kuwaeleza maana yake. Hapa gari si fahari. Gari ni kazi, na kazi ni kodi ya nyumba, na kodi ya nyumba ni tarehe moja. Ukikosa zamu tatu bila taarifa, kazi hiyo ina mwenyewe mwingine.

Kesho yake tulilipeleka gari gereji moja ya hapa mjini. Wakachomeka kompyuta yao, wakakaa nayo dakika kumi, wakatuletea karatasi: koili nne mpya, plagi nne mpya, kusafisha nozeli zote, pamoja na ufundi. Jumla dola 870. Tukauliza swali moja tu: katika hivyo vyote, kibovu ni kipi? Tukajibiwa kwamba vikibadilishwa vyote tutakuwa na uhakika.

Uhakika wa nani? Wa kwao walikuwa nao tayari, umeandikwa chini ya karatasi. Wa kwetu hatukuuona. Tukachukua ufunguo wetu tukaondoka polepole.

Gari hilo, Toyota Corolla la mwaka 2005, linatembea hadi leo. Vifaa vilivyolitengeneza vilitugharimu dola 94, na mashine ndogo ya kusomea namba za makosa dola 20. Makala hii ni ya namna tulivyofika kwenye dola hizo 94, na namna njia hiyohiyo ilivyomwokoa mdogo wetu aliyeko Dar es Salaam, ambaye gari lake lilikuwa na ugonjwa unaofanana kabisa na wetu lakini dawa yake ilikuwa nyingine kabisa.

KUMISI NI NINI HASA

Mafundi wetu wana neno lao: gari "linamisi". Injini ya kawaida ya gari dogo ina silinda nne. Kila silinda inavuta hewa na petroli, inaibana, kisha plagi inatoa cheche, mchanganyiko unalipuka na kuisukuma pistoni chini. Silinda zinapokezana kwa utaratibu. Kwenye injini nyingi za silinda nne za Toyota utaratibu huo ni ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa ilipuke mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kila sekunde. Moja ikiruka zamu yake, wewe unasikia mtikisiko. Hiyo ndiyo kumisi.

Sasa cheche inatoka wapi? Betri ya gari ina volti 12 tu, na volti 12 haziwezi kuruka nafasi iliyo kwenye ncha ya plagi. Kazi ya koili ni kuzichukua hizo volti 12 na kuzikuza hadi kufikia maelfu, aghalabu kati ya 20,000 na 40,000. Magari ya zamani yalikuwa na koili moja na distributa iliyogawa umeme kwa waya nne nene. Magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea yana koili moja juu ya kila plagi. Hili la pili ndilo linalotusaidia leo, kwa sababu lina maana kwamba chini ya boneti lako kuna vifaa vinne vinavyofanana kabisa, na mara nyingi vitatu kati yake ni vizima.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Mwenye vifaa vinne vinavyofanana hahitaji kununua cha tano ili ajue kibovu ni kipi. Anahitaji kuvihamisha tu.

TAA INAYOWAKA NA TAA INAYOPEPESA

Kabla hatujafungua boneti, tuseme jambo ambalo lilitugharimu gari zima miaka kadhaa iliyopita.

Taa ya injini ikiwaka na kubaki imewaka, inakwambia kuna jambo, litafute. Taa hiyohiyo ikipepesa, inakwambia kumisi kumefikia kiwango cha kuharibu katalaiza, kile chombo kilicho kwenye bomba la moshi kinachosafisha gesi zenye sumu. Petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda inatoka nzima nzima na kwenda kuungulia humo. Katalaiza inapata moto kupita kiasi, na ule mfinyanzi wenye vitundu vidogo vidogo uliomo ndani yake unaweza kuyeyuka na kuziba njia ya moshi.

Gari letu la kwanza hapa Marekani lilianza hivyohivyo. Fundi mmoja akatuambia tuendeshe tu, haina shida. Tuliendesha mwezi mzima. Mwishowe gari halikuweza hata kupanda daraja, maana moshi haukuwa na pa kutokea. Bei ya katalaiza mpya ilikuwa kubwa kuliko bei ya gari. Likaenda kwa wanunua vyuma chakavu.

Kwa hiyo taa ikipepesa, punguza mwendo, usilazimishe, tafuta pa kusimama. Na wenzetu wa Uingereza wana sababu ya ziada: tangu Mei 2018, gari la petroli lililoandikishwa kuanzia Julai 2003 linafeli ukaguzi wa kila mwaka kama taa hiyo imewaka. Baadhi ya majimbo ya hapa Marekani nayo hayapitishi gari lenye taa hiyo kwenye kipimo cha moshi.

HATUA YA KWANZA: MUULIZE MGONJWA

Daktari mzuri haanzi na sindano, anaanza na maswali. Liulize gari lako: unamisi lini?

Linamisi asubuhi likiwa baridi, kisha linapona? Linamisi likishapata moto tu? Linamisi mvua ikinyesha au baada ya kuoshwa injini? Linamisi likiwa limesimama, lakini ukikanyaga mafuta linatulia? Linamisi likipanda mlima au likibeba abiria wanne?

Kila jibu lina upande linaoelekeza. Linalomisi kwenye unyevu, shuku umeme unaovuja kwenye waya, kwenye koili au kwenye kaure ya plagi. Linalomisi likiwa limesimama na kutulia ukikanyaga mafuta, tafuta mpira wa hewa uliopasuka unaoingiza hewa isiyopimwa. Linalomisi likibeba mzigo, angalia plagi na koili, kwa sababu silinda ikijaa hewa na petroli cheche inahitaji nguvu zaidi ili iruke. Na kama silinda zote zinalegea kwa pamoja, pampu ya mafuta nayo iwemo kwenye orodha.

Wenye magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia, kama yalivyo mengi Dar es Salaam siku hizi, wana kipimo cha bure. Kuwasha gesi kunahitaji cheche yenye nguvu kuliko kuwasha petroli. Gari likimisi kwenye gesi na kutulia kwenye petroli, usikimbilie kulaumu mtungi. Angalia plagi kwanza.

Letu sisi lilimisi baada ya dakika ishirini, injini ikishapata moto. Likipoa linakuwa zima kama halijaugua. Tuliandika hivyo kwenye karatasi, na baadaye mtaona umuhimu wake.

HATUA YA PILI: SOMA NAMBA

Magari yote madogo ya petroli yanayouzwa Marekani kuanzia toleo la mwaka 1996 yana tundu la pini 16 chini ya dashibodi, na namba za msingi za makosa zinafanana kwa watengenezaji wote. Kompyuta ya gari inapima mwendo wa shafti kuu ya injini. Silinda ikilipuka, shafti inapata msukumo. Silinda isipolipuka, shafti inapunguza mwendo kidogo mno, wewe huoni, lakini kompyuta inaona, na inajua ilikuwa zamu ya nani.

Namba P0301 maana yake silinda ya kwanza imemisi. P0302 ni ya pili, P0303 ya tatu, P0304 ya nne. P0300 maana yake zinamisi ovyo, hakuna moja maalumu. Namba ya mwisho ndiyo jina la silinda. Maduka mengi ya spea hapa Marekani yanakusomea bila malipo, na mashine yako mwenyewe unaipata kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Letu lilisema P0302.

Lakini sikiliza vizuri, ndugu msomaji, maana hapa ndipo wengi tunapoibiwa, na wengine tunajiibia wenyewe. P0302 haisemi koili ya pili ni mbovu. Inasema silinda ya pili haikulipuka. Inataja nyumba, haimtaji mwizi. Silinda isipolipuka, imekosa moja kati ya vitu vitatu: cheche, mafuta, au mbano wa hewa. Kompyuta imekupeleka hadi mlangoni. Kuingia ndani ni kazi yako.

Na silinda ya kwanza ni ipi? Kwenye Toyota hizi zenye injini iliyolala kwa upana, hesabu inaanzia upande wa cheni ya injini, ambao ni mkono wa kulia wa mtu aliyeketi ndani ya gari. Magari mengine yana mpangilio wake, kwa hiyo thibitisha kwanza. Tunamjua mtu aliyehesabu kinyume, akabadilisha plagi nzima na kuiacha mbovu.

HATUA YA TATU: HAMISHA, USINUNUE

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, tulifungua nati moja ya namba 10 inayoshika koili ya silinda ya pili, tukachomoa soketi yake ya waya, tukaivuta koili juu. Tukafanya hivyo kwa ya tatu. Tukazibadilishana: ya pili ikaenda ya tatu, ya tatu ikaja ya pili. Tukafuta namba kwenye kompyuta. Kazi ya dakika kumi na tano, gharama yake ni vidole kugandishwa na baridi.

Tungezunguka mtaa mmoja tu tusingeona kitu, kwa maana gari letu linaugua likipata moto. Ndiyo faida ya ile karatasi ya maswali. Tukaendesha dakika ishirini na tano. Mtikisiko ukarudi, tukaegesha, tukasoma namba.

P0303.

Ugonjwa umehama pamoja na koili. Hapo hakuna tena mjadala, wala hakuna haja ya kubadilisha nne. Koili ni hiyo, na tulikuwa tumeishika mkononi. Koili za namna hii huchoka kwa joto. Kihami cha ndani kinapata ufa, na injini ikipata moto umeme unapita kwenye ufa badala ya kwenda kwenye plagi. Ndiyo maana asubuhi lilikuwa zima.

Tukanunua koili moja, dola 58. Lakini hatukuishia hapo, kwa sababu kuna swali la pili ambalo fundi mzuri hulisahau mara chache: koili imekufa kwa nini? Tukatoa plagi. Kwa injini yetu nafasi kwenye ncha inatakiwa iwe milimita 1.1. Zilikuwa zimelika hadi milimita 1.4, na gari lilikuwa limepita kilomita 190,000 bila rekodi yoyote ya plagi kubadilishwa. Nafasi ikipanuka, koili inalazimika kutoa volti nyingi zaidi kila mara, mara maelfu kwa maelfu, hadi inachoka. Plagi iliyozeeka huua koili. Kwa hiyo tukanunua plagi nne, dola 36. Hizo tulizibadilisha zote kwa sababu tulizipima zote, hatukubahatisha.

Jumla dola 94. Usiku ule tuliingia zamu.

DAR ES SALAAM: KOILI NNE MPYA, NA GARI BADO LINAMISI

Haikupita miezi miwili, tukapata ujumbe kutoka kwa mdogo wetu. "Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu, gari inamisi, fundi anasema koili." Gari ni Toyota IST ambalo anafanyia biashara ya kubeba abiria kwa mtandao. Ndilo linalolipa ada ya watoto wake wawili. Tukatuma dola 180. Koili nne zikanunuliwa, zikafungwa.

Wiki moja baadaye: "Kaka, bado inamisi. Fundi anasema tubadilishe nozeli zote nne, na kama haijapona, kontroboksi."

Lazima tukiri kitu. Sisi tuliotoka kushangaa karatasi ya dola 870 ndio tuliotuma dola 180 bila kuuliza swali hata moja. Kubahatisha kwa pesa zako kunauma. Kubahatisha kwa mtu wa mbali kunaonekana kama msaada. Safari hii hatukutuma kitu. Tukamwomba afungue kamera ya simu na amwite fundi karibu.

Mashine yake ya kusomea haikuzungumza na gari, jambo la kawaida kwa baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Si neno. Kuna kipimo cha kizamani kisichohitaji kompyuta. Injini ikiwa inaunguruma gari limesimama, unachomoa soketi ya waya ya nozeli moja. Kama silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, injini itatetemeka zaidi na kushuka nguvu. Unairudisha, unakwenda ya pili. Silinda ambayo ukiichomoa injini haibadiliki chochote ndiyo iliyokuwa imelala. Wapo wanaochomoa koili badala ya nozeli. Ukifanya hivyo petroli inaendelea kumwagwa kwenye katalaiza, kwa hiyo nozeli ni salama zaidi.

Fundi akachomoa ya kwanza, injini ikalalamika. Ya pili, ikalalamika. Ya tatu, ikalalamika. Ya nne, kimya. Tukamsikia yeye mwenyewe akisema, "Ahaa, ni hii."

Tukaanza kuhamisha. Koili ya nne ikaenda ya pili: silinda ya nne ikabaki imelala. Kwa hiyo si koili, na wala haikuwa koili tangu mwanzo. Plagi zikatolewa. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, rangi ya afya. Ya nne ilitoka kavu, safi, haina hata harufu ya petroli.

Plagi huzungumza, ukijua kuisoma. Iliyoloa petroli inasema, "Mafuta nimepata, cheche sina." Nyeusi kavu kama masizi inasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Yenye oili inasema kuna oili inapenya. Yenye mstari mwembamba mweusi kwenye kaure yake inasema umeme unavujia hapo. Na kavu isiyo na harufu, kama hii, inasema jambo moja: petroli haijafika.

Basi tukaacha habari za cheche, tukaingia za mafuta. Fundi akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli, mpini sikioni, injini inaunguruma. Ya kwanza inagonga tik-tik-tik. Ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo. Ya nne haigongi. Nozeli imekufa? Bado tusiseme. Akaipima kwa mita: omu 14, sawasawa na wenzake watatu. Nozeli ni nzima. Akachomeka taa ya kupimia kwenye soketi yake ya waya. Za wenzake zilipepesa. Hii haikuwaka.

Umeme haufiki. Akafuata waya kwa vidole, na sentimita chache tu kutoka kwenye soketi akasimama, akaukunja mbele ya kamera. Nje mpira ulikuwa mzima. Ndani shaba ilikuwa imekatika. Waya umevutwavutwa miaka na miaka, na joto la injini limeukausha.

Kipande cha waya, risasi ya kuchomelea na ufundi: shilingi elfu kumi na tano. Koili nne za dola 180 ziko ndani ya gari hadi leo, mpya, hazina kosa, na hazikuhitajika.

KAMA SI CHECHE WALA MAFUTA

Umehamisha koili, umehamisha plagi, nozeli inagonga na waya wake una umeme, lakini silinda ileile bado imelala. Hapo ndipo unapopima mbano, na hapo ndipo fundi mwenye geji ya kompresheni anastahili pesa yake.

Unachotafuta si namba kubwa tu, ni namba zinazolingana. Silinda tatu zikisoma 170 na moja ikasoma 90, huyo ndiye mgonjwa. Fundi atamimina oili kidogo ndani ya silinda hiyo na kupima tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu isiyofunga vizuri au gasketi ya kichwa cha injini. Hiyo ni kazi kubwa na bei yake ni kubwa. Lakini angalau unailipia ukijua unalipia nini, na unaweza kukaa chini ukajiuliza kama gari lenyewe linastahili.

Jambo jingine dogo: ukivuta koili na kukuta shimo la plagi limejaa oili, usibadilishe koili peke yake. Gasketi ya kifuniko cha juu cha injini inavuja. Koili mpya ukiiweka ndani ya oili itafuata njia ya ile ya kwanza.

TAHADHARI

Umeme wa koili una nguvu ya kukurusha na kukuumiza. Usiivute koili wala waya wa plagi kwa mkono injini ikiwa inaunguruma, hata kama umemwona fundi akifanya hivyo. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani asisogee kabisa karibu na kazi hii. Vua tai, funga ushungi vizuri, kunja mikono ya kanzu au shati, kwa maana mkanda wa injini na feni havina huruma. Petroli ikinukia, zima injini kwanza, maswali baadaye. Plagi zitoe injini ikiwa imepoa, na unapozirudisha anza kwa vidole kabla ya spana. Nyuzi za alumini zikiharibika, kazi ya dola 36 inageuka kuwa ya mamia.

Na plagi bandia zipo, zinauzwa kwenye maboksi mazuri kuliko ya halisi. Bei ikiwa ndogo ajabu, ajabu hiyo utakutana nayo barabarani.

NENO KWETU TUNAOTUMA PESA

Hatukuandika haya ili kuwatukana mafundi. Yule kijana wa Dar es Salaam, alipoulizwa maswali, alijua kila kipimo tulichomwomba afanye. Bisibisi sikioni hakufundishwa na sisi. Tulipomuuliza kwa nini hakuanza na vipimo hivyo, alitujibu bila kuficha: mteja anataka gari leo, na pesa ya koili ilishatumwa, angefanyaje?

Jibu lake limetukaa. Sisi ndio tuliomfundisha kubahatisha, kwa sababu tulilipia vifaa na hatukulipia kupima. Fundi anayekaa saa mbili akitafuta waya uliokatika anaondoka na elfu kumi na tano. Anayefunga koili nne kwa nusu saa anaondoka na zaidi. Halafu tunashangaa.

Kwa hiyo tumebadilisha utaratibu wetu, na tunawashauri wenzetu mfanye hivyo. Ujumbe wa "gari inamisi" ukija, msitume pesa ya kifaa. Tumeni pesa ya kupima, na muilipe vizuri, hata kama mwisho wake ni waya. Kisha ulizeni maswali matatu: Silinda ipi? Umehamisha nini, na ugonjwa umehama au umebaki? Plagi yake ilitoka na rangi gani? Fundi mwenye majibu hayo mpe gari, ulale usingizi. Asiye nayo, awe Kariakoo, Muscat, London au hapa kwetu Ohio, bado anakisia, na anakisia kwa jasho lako.

Wiki iliyopita mdogo wetu alituma ujumbe mwingine. Safari hii hakuomba kitu. Alituma picha ya yule fundi chini ya mwembe, amezungukwa na vijana wawili, bisibisi sikioni, anawafundisha kusikiliza.